Mwanafunzi Akifanya Kazi, Mshahara ni wa Nani?

Neno "bure" limewavuruga wazazi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kadhaa sasa. Septemba 2019 Leta, yaani Serikali, ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo, wengi walielewa kwamba shule zote hazilipiwi tena. Mtoto akamaliza mwaka wa sita, akapanda sekondari, prefe (mkuu wa shule) akamdai pesa, na mzazi akarudi nyumbani akiamini ametapeliwa. Hakutapeliwa. Sekondari haikuwamo katika ahadi ile, na mpaka leo mzigo wake umemwelemea yeye.

Juu ya mkanganyiko huo kuna wazo linalovutia watu wa parokia na wa shule: sekondari ya Kikatoliki ambayo mtoto wa maskini anasoma siku nyingi na kufanya kazi siku chache, na kazi hiyo ndiyo inayomlipia masomo. Wengine wakisikia hivyo wanafikiri ni shule ya ufundi. Wengine wanafikiri ni salongo, ile kazi ya lazima, iliyovalishwa sare. Wengine wanaona mlango umefunguka kwa mtoto aliyekwisha kukata tamaa. Kila mmoja anaongelea kitu chake, ndiyo maana mazungumzo hayafiki popote. Inafaa kwanza kujua mpango wenyewe ni upi, kisha kuupima kwa mazingira ya Kirotshe, mji mdogo wa pwani ya ziwa Kivu kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, ambako watu wanaishi kwa samaki wa sambaza, maharage, mihogo na kibarua.

Deni lilivyomfikia mzazi

Shule za Kikatoliki huku si shule binafsi, na hapo ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za madhehebu. Tarehe 26 Februari 1977 Leta na makanisa wakatia sahihi mkataba: shule zibaki za Leta, makanisa yaziendeshe. Kutokana na mkataba huo zinaitwa "konvensyone": mwalimu ni wa Leta, mpango wa masomo ni wa Leta, lakini uongozi wa kila siku uko kwa kordinasyo ya Kanisa. Kwa upande wetu hiyo ni kordinasyo ya dayosisi ya Goma.

Mfumo huo ungefanya kazi kama Leta ingelipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ilipooza, walimu wakagoma, mwaka mzima wa masomo ukawa hatarini. Maaskofu na vyama vya wazazi wakakubaliana mzazi amwongezee mwalimu kitu ili shule zifunguke. Ilikuwa dawa ya dharura, wakaiita "prime". Dharura ikapita, prime ikabaki, na juu yake zikajengwa ada nyingine: za ofisi, za mitihani, za ujenzi. Hadi leo kuna walimu wanaofundisha bila kuingizwa katika orodha ya malipo ya Leta, na prime ya wazazi ndiyo mshahara wao wote.

Ingia darasani siku ya orodha uone uzito wa jambo hili. Msimamizi wa nidhamu anasimama mlangoni na karatasi mkononi. Anasoma majina. Anayetajwa anafunga daftari, anachomeka kalamu mfukoni, anatoka bila kumtazama mtu. Somo linaendelea. Baada ya siku kadhaa baadhi wanarudi na risiti. Wengine hawarudi, na mara nyingi wa kwanza kutorudi ni msichana, kwa sababu pesa ikiwa ndogo familia inachagua. Kijana aliyetoka hapo hana njia nyingi mbele yake: kusukuma mizigo, kupanda kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya, au kubeba bunduki ya kundi mojawapo. Uchambuzi wowote wa shule na kazi katika eneo hili uanzie kwa kijana huyo, maana kazi tayari anaifanya. Kinachobishaniwa ni masharti yake, na nani anayekula faida.

Kristo Mfalme wa Chicago

Mpango unaotajwa ulianza mwaka 1996 katika mtaa wa Pilsen, Chicago, uliojaa wahamiaji kutoka Mexico. Wajesuiti, wakiongozwa na padri John Foley, walitaka kuwafungulia sekondari watoto wa familia zisizoweza kulipa ada. Wakaiita Cristo Rey, yaani Kristo Mfalme. Walikuwa na wanafunzi lakini hawakuwa na pesa, na jibu walilolipata ni jepesi kulieleza: wanafunzi wanne wanashika nafasi moja ya kazi ofisini. Kila mmoja anafanya siku tano kwa mwezi, kwa zamu, ili nafasi ile isikae tupu hata siku moja. Kampuni, benki, hospitali au ofisi ya mawakili inalipa kama inavyomlipa mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini, na malipo hayo yanakwenda shuleni kufidia masomo ya wale wanne. Familia inachangia kidogo kulingana na kipato chake, na wafadhili wanajaza pengo lililobaki.

Vipengele viwili vya mpango huu husahaulika ukisimuliwa huku. Kwanza, mwanafunzi si mwajiriwa wa kampuni. Ni mwajiriwa wa chombo cha shule chenyewe, nacho kinabeba mkataba, usafiri, usimamizi na malalamiko. Pili, siku za kazi hazikatwi kwenye masomo. Siku ya shule inarefushwa, na kabla ya kuanza kazi mtoto anapewa mafunzo ya kutumia vifaa vya ofisi, kupokea simu, kufika kwa wakati. Leo shule za mtandao huo zinakaribia 40 nchini Marekani, na zinajipima kwa idadi ya wanafunzi wanaoendelea na chuo.

Lakini si zote zilizoishi. Shule ya St. Peter Claver ya Omaha ilifunguliwa mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2011. Ilizaliwa wakati uchumi wa Marekani unaporomoka, na shule ya aina hii haina kinga dhidi ya tatizo hilo: kampuni zikikaza mkanda, kiti cha mwanafunzi kinaondoka pamoja na ada yake. Mfano wa Omaha ukumbukwe, kwa kuwa Omaha ni mji wa benki na viwanda, na bado haikutosha.

Wanaoutaka

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya heshima. Ufadhili tunaoujua huku huja kwa picha ya mtoto na barua ya kushukuru; mfadhili akichoka au shirika likibadilisha mradi, mtoto anarudi kwenye orodha ya msimamizi wa nidhamu. Anayesoma kwa kazi yake hana wa kumpigia magoti. Amelipa.

Hoja ya pili ni ya baada ya diploma. Tuna vijana wengi waliofaulu mtihani wa Taifa katika pedagojia au sayansi ya jamii ambao hawajawahi kuingia ofisi yoyote isipokuwa ya prefe. Hawana mtu wa kuwashuhudia. Mwanafunzi aliyekaa miaka miwili kwa zamu katika famasi ya hospitali kuu ya Kirotshe, akijaza fishi za dawa zilizoingia na zilizotoka, anatoka na diploma na pia na jina. Katika nchi ambamo kazi hupatikana kwa kujulikana, hilo ni kama urithi kwa mtoto ambaye baba yake hajulikani na yeyote.

Kuna na ya tatu, ambayo watu wa Masisi wanaielewa kuliko watu wa Chicago. Kijana wa miaka 16 mwenye ratiba, msimamizi na kazi ya Jumatatu ijayo ni mgumu kuandikishwa porini. Shule peke yake haimfungi, kwa kuwa anaweza kufukuzwa kesho kwa ada. Kazi peke yake nayo haimfungi, kwa kuwa hata uasi unajitangaza kama kazi.

Wanaoukataa

Wapinzani wana historia upande wao, na ni historia ya Kanisa hilohilo. Wajesuiti waliofika eneo la Kwango, Kongo, mnamo 1893 walianzisha, chini ya padri Emile Van Hencxthoven, mashamba-kanisa: makundi ya watoto wakilima na kufundishwa dini chini ya katekista. Shamba lililisha misioni, na misioni ikasema inawalea yatima. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na mfalme Leopold II mwenyewe, katika ripoti yake ya 1905, iliona mambo tofauti: wengi wa watoto hao hawakuwa yatima, na walikuwa wakifanya kazi bila ujira. Simtaji Mjesuiti wa jana ili kumhukumu wa leo. Namtaja kwa sababu nia njema ilikuwepo, shule ilikuwepo, sala ilikuwepo, na bado jasho la mtoto lilipotelea mahali asipopaona.

Halafu kuna neno salongo. Mobutu alilifanya kuwa wajibu wa taifa, kazi ya umma ya kila wiki. Masisi lilipata maana nyingine nzito zaidi. Hapa, ambako vilima vikubwa vimekuwa malisho ya wachache tangu mashamba ya wakoloni, mkulima asiye na ardhi anamlimia mwenye konsesyo siku kadhaa ili aruhusiwe kupanda maharage yake kwenye kipande kidogo. Hiyo nayo inaitwa salongo. Makundi yenye silaha yakaichukua pia, yakiwatoa watu vijijini kuwalimia au kuwabebea. Kwa hiyo padri anayesimama mbele ya wazazi na kusema "watoto watafanya kazi kidogo kwa ajili ya shule" atambue kwamba nusu ya waliokaa mbele yake wanasikia neno ambalo hakulitamka.

Sheria nayo iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka miaka 16 kuwa umri wa kuanza kuajiriwa, na kati ya miaka 16 na 18 inaruhusu kazi nyepesi tu, zisizodhuru afya. Chicago wanaanza na mtoto wa miaka 14, na sheria yao inawaruhusu. Huku mpango wowote unaoanza mwaka wa saba au wa nane unaanza nje ya sheria.

Upo pia usalama wa msichana, unaotajwa haraka mno katika mikutano ya wanaume. Siku tano kwa mwezi anatoka nje ya uzio wa shule, anapanda pikipiki, anakaa chini ya bosi asiyemjua. Nani atamwamini akirudi na malalamiko, ikiwa shule inategemea malipo ya bosi huyo? Swali hili halina jibu rahisi hata Marekani.

Shule inayozalisha yenyewe

Wapo wanaosema tusitafute waajiri, shule yenyewe iwe mwajiri. Mwalimu Nyerere alilitaka hilo katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha: kila shule iwe na shamba au karakana, ijilishe, na mwanafunzi asijione bwana mbele ya mkulima. Fikra hiyo bado ina uzito. Utekelezaji wake ndio uliochoka. Mahali pengi shamba la shule liligeuka adhabu ya waliochelewa, mwalimu akishika fimbo badala ya jembe, wala somo la biolojia halikukanyaga shambani hata siku moja. Mapato yakawa madogo na hesabu zake hazikusomwa kwa mtu.

Kwingine ilikwenda vizuri zaidi. Nchini Paraguay shule ya kilimo ya San Francisco, iliyokuwa ya mabruda wa La Salle, ilichukuliwa na taasisi ya Fundación Paraguaya mwaka 2002, na katika miaka michache ikafika mahali pa kulipia gharama zake za uendeshaji kwa kuuza maziwa, jibini, mboga na huduma za wageni. Tofauti na mashamba mengi ya shule zetu ni kwamba kila kitengo kiliendeshwa kama biashara, na hesabu za kitengo zilikuwa sehemu ya somo.

Na hapa Masisi hatuhitaji kwenda Paraguay kutafuta jibini. Fromaji ya Masisi, yale magurudumu ya manjano yanayoshuka Goma na kuuzwa mpaka Kinshasa, ina mizizi kwa watawa na wamisionari; Watrapisti wa Mokoto, waliofika mwaka 1954, waliishi kwa sala na kwa kazi ya mikono, ng'ombe wakiwamo, hadi vita vya 1996 vilipowatawanya. Elimu iliyomo katika gurudumu moja la fromaji ni kubwa. Maziwa yanapimwa joto, yanawekewa kimeng'enya cha kuyagandisha, yanakatwa, yanakamuliwa maji, yanatiwa chumvi, yanageuzwa kila siku kwa wiki kadhaa. Kemia, hesabu, usafi, subira. Mwanafunzi wa shule ya kilimo na mifugo anayelipwa kuigeuza anasoma wakati uleule anapofanya kazi. Mwanafunzi anayetumwa kufyeka malisho ya mwenye ng'ombe hasomi chochote.

Goma, Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi wameonyesha njia nyingine kwa miaka mingi: useremala, uashi, ushonaji na uchomeleaji kwa vijana ambao vita viliwanyang'anya kila kitu. Hiyo ni shule ya ufundi, na nzuri. Ila haijibu swali la mtoto anayetaka kuwa daktari au mwanasheria na hana ada. Tusiwaambie watoto wa maskini kwamba nyundo ndiyo fungu lao, na vitabu ni vya wenye pesa. Ukuu wa Cristo Rey uko hapo hasa: mtoto anafanya kazi ili asome humanite kamili, yaani sekondari ya juu, si badala yake.

Kupima

Nikiziweka hoja hizi kwenye mizani, naona kwamba nguvu ya mpango wa Chicago haitoki kwa mwanafunzi. Inatoka kwa mwajiri. Kazi ya mtoto wa Pilsen ina thamani kubwa kwa sababu iko ndani ya ofisi ambayo mshahara wake wa chini unatosha kulipia viti vinne vya sekondari. Chukua mfano wa hesabu tu: kibarua wa shamba akilipwa dola 2 kwa siku, mwanafunzi wa siku tano analeta dola 10 kwa mwezi. Toa nauli, toa chakula cha mchana, toa posho ya mtu wa kumsimamia. Kinachobaki hakiwezi kubeba darasa. Ili kibebe, siku tano zitageuka kumi, kumi kumi na tano, na hapo tumerudi Kwango.

Sasa hesabu waajiri wa aina ya Chicago kati ya Sake na Minova. Hospitali kuu ya Kirotshe na vituo vyake vya afya. Mashirika ya misaada, ambayo hufika na kuondoka kwa kufuata mapigano. Wafanyabiashara wa sambaza, maharage na maziwa, ambao wengi hawaandiki hesabu. Walikale kuna mgodi wa bati wa Bisie, wenye ajira rasmi za kweli, lakini uko ndani ya msitu, na mazingira ya mgodi si ya kuwapelekea wanafunzi. Konsesyo za malisho zipo, ila kumpeleka mwanafunzi huko ni kuirudisha salongo kwa mlango wa nyuma, na ni kuiweka shule upande mmoja wa mgogoro wa ardhi ambao haujaisha.

Juu ya hayo, vita. Aprili 2024 waasi wa M23 waliishika Rubaya. Januari 2025 Minova, Sake, kisha Goma. Benki za Goma zikafungwa. Mpango unaotegemea mkataba wa mwaka mzima na malipo ya kila mwezi utasimamaje pale ambapo mwalimu mwenyewe hajui mshahara wake utapita wapi?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi tuache. Mahali pa kuanzia papo, ni padogo. Hospitali, ofisi za parokia, ushirika wa maziwa wenye daftari, vinaweza kubeba viti kadhaa, tuseme nane au kumi na viwili, kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya humanite waliotimiza miaka 16. Hiyo haitafuta ada za shule nzima. Itawaokoa wachache na orodha ya mlangoni, na itawafundisha viongozi wa shule ugumu wa jambo hili kabla hawajawaahidi wazazi mia tatu.

Masharti hayana nafasi ya huruma. Malipo yaandikwe katika daftari ambalo kamati ya wazazi inalisoma kila mwezi, jina kwa jina. Ziada ikipatikana irudi kwenye ada ya mwanafunzi aliyeifanyia kazi, isiende kwenye ujenzi wa ukuta. Siku zilizopotea zifidiwe na masomo ya jioni au Jumamosi, na mwalimu wa siku hizo alipwe. Msichana awe na mlezi wa kike mwenye mamlaka ya kuvunja mkataba na mwajiri siku hiyohiyo, hata kama shule itapoteza pesa.

Na Leta isijifiche nyuma ya mpango huu. Mwalimu asiyelipwa ndiye aliyezaa prime, prime ndiyo iliyozaa orodha. Tukimpa mwanafunzi kazi ya kumlipa mwalimu wa Leta, tumemhamishia mtoto deni ambalo mzazi wake amelibeba zaidi ya miaka 30. Kordinasyo za Kikatoliki zina sauti Kinshasa; ziitumie kudai walimu wasiolipwa waingizwe kwenye orodha, na elimu ya bure ifike walau miaka miwili ya kwanza ya sekondari, ambayo sheria ya elimu ya 2014 inaihesabu pamoja na shule ya msingi kuwa elimu-msingi. Mtoto wa miaka 12 au 13 hawezi kuajiriwa, kwa hiyo kwake hakuna mpango wa kazi utakaomsaidia kamwe.

Kwa Kirotshe ya leo, basi, mpango wa Chicago haufai kuletwa mzima. Unafaa kujaribiwa kwa viti vichache, kwa wakubwa, kwa waajiri wenye daftari. Mzazi akiitwa shuleni kutia sahihi ili mwanawe aanze kazi, aombe kwanza kuuona mkataba wa mwajiri wenye kiasi cha malipo na mahali yanapokwenda. Kama haupo, asitie sahihi.